Maji Yanayopanda Bila Pampu: Mhadhara kwa Watu wa Sekei

 

Zungukeni nyuma ya nyumba za tofali zilizojengwa kwenye mteremko wetu huu, mwangalie kuta zinazotazama mlima. Haitachukua muda kuupata ukuta ninaousema. Kuanzia ardhini hadi usawa wa goti, wakati mwingine hadi kiunoni, rangi imevimba na kubabuka. Plasta ukiigusa inamong'onyoka. Juu kidogo umejitokeza mkanda wa chumvi nyeupe, na juu ya mkanda huo ukuta ni mkavu, rangi iko vilevile ilivyopakwa. Mwenye nyumba anapaka upya Desemba, masika ikipita mkanda umerudi palepale. Maji mengine yote tunayoyajua hapa yanateremka. Themi inateremka kutoka Meru, inaungana na Kikuletwa, na mwisho wake ni Pangani. Mifereji ya migombani inateremka. Haya ya ukutani yanapanda, na hakuna aliyeyafungia pampu.

Nguvu inayoyapandisha ni ukapilari. Shuleni tulifundishwa kwa mrija mwembamba wa kioo uliosimamishwa kwenye maji, na wengi wetu tuliishia hapo, tukatoka darasani tukiamini kwamba pasipo mrija hakuna kupanda. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba mrija si lazima. Mfuo ulio wazi juu, ufa, kona kali, mkwaruzo kwenye kioo, upenyo kati ya punje mbili za mchanga: maji yakipata kimojawapo, na kuta zake zikiwa za kitu kinacholowana, yatasafiri yenyewe. Vijifereji hivi vilivyo wazi vimetuzunguka kila mahali, na kwa maoni yangu vinastahili kufundishwa kabla ya mrija.

Hapa mezani nina vipande viwili vya kioo nilivyokatiwa na fundi wa madirisha. Nimevisafisha kwa sabuni, nikavisuuza vizuri, maana kidole chenye mafuta kinatosha kuharibu jaribio zima. Upande mmoja vinagusana. Upande wa pili nimeviachanisha kwa njiti ya kiberiti, kisha nikavifunga kwa mpira. Sasa navisimamisha ndani ya sahani yenye maji ya rozela ili rangi ionekane hata na waliokaa nyuma. Angalieni. Upande wa njiti maji yamepanda kidogo tu, kama milimita 7. Kadiri tunavyosogea kuelekea pale vioo vinapogusana, mstari mwekundu unainuka, mwanzoni taratibu, kisha kwa mkunjo mkali, na karibu kabisa na ukingo wa mgusano umefika juu ya kioo. Mkunjo huo ulielezwa mwaka 1712 na Waingereza wawili, Brook Taylor na Francis Hauksbee. Hakuna mrija hapa. Kuna pembe tu, na upande mmoja iko wazi kabisa.

Molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana uso wa maji umekazika kama ngozi ya ngoma na mdudu mwepesi anaweza kutembea juu ya dimbwi bila kuzama. Lakini zinashikana pia na kioo, udongo, tofali, pamba na karatasi. Maji yakikutana na kitu cha namna hiyo hutambaa pembezoni juu ya uso wake. Pembezoni zikipanda, uso wote unapinda, na uso uliokazika ukipinda huvuta maji yaliyo nyuma yake. Uzito wa maji unavuta kuelekea chini. Njia ikiwa pana, uzito unashinda mapema. Njia ikiwa nyembamba, maji ya kubeba ni machache na kuta za kushika ziko karibu, basi kupanda kunaendelea.

James Jurin, daktari wa London, alionyesha mwaka 1718 kwamba kimo cha maji kinategemea wembamba wa mrija: ukipunguza upana kwa nusu, kimo kinakuwa mara mbili. Kwa maji safi na kioo safi hesabu ni rahisi kukumbuka. Mrija wenye nusu kipenyo cha milimita 1 unapandisha maji milimita 15. Wenye sehemu ya kumi ya hapo unapandisha sentimita 15. Wenye sehemu ya mia moja unapandisha mita 1.5, na hicho ni kimo cha bega la mtu mzima. Albert Einstein, kabla dunia haijamjua, alianza uandishi wake wa sayansi mwaka 1901 kwa makala kuhusu jambo hilihili la ukapilari. Nawatajia wanafunzi ili wajue kwamba akili kubwa kama ile haikuona aibu kuanzia kwenye maji yanayopanda.

Sasa tuondoe kifuniko cha mrija, tubaki na mfuo wa mstatili uliochongwa kwenye kipande cha kioo, una sakafu, una kuta mbili, juu hewa. Je, tone nikiliweka mwanzoni mwa mfuo litakimbia lenyewe hadi mwisho? Hapa kuna mashindano. Sakafu na kuta zinavuta maji mbele. Uso ulio wazi unayazuia, kwa sababu kila hatua maji yanayosonga yanalazimika kutandaza uso mpya kwenye hewa, na uso uliokazika haupendi kutandazwa. Kwa hiyo tunapima upana wa uso ulio wazi dhidi ya jumla ya sakafu na kuta zinazoloweshwa. Tuchukue kitu kinacholowana kwa kiasi, ambacho maji hukigusa kwa pembe ya nyuzi 60. Ukifanya hesabu utakuta sharti moja fupi: upana wa mfuo uwe chini ya mara mbili ya kina chake. Mfuo wa upana wa milimita 1 na kina cha milimita 1 utapeleka maji. Mfuo wa upana wa milimita 3 na kina hichohicho hautayapeleka, tone litakaa pale ulipoliweka. Na mfuo uliochongwa kwenye nta ya mshumaa hautapeleka maji hata ukiuchonga mwembamba na wenye kina cha namna gani, kwa sababu nta hailowani.

Kona ni jambo jingine tena. Mwaka 1969 wanahisabati wawili wa Marekani, Paul Concus na Robert Finn, walithibitisha kwamba kona ikiwa kali ya kutosha, maji yanayoigusa hayana mahali pa kusimama pasipokuwa na uzito wa kuyarudisha. Yataifuata kona hadi iishe. Wanaanga wanaitumia hesabu hiyo. Mwaka 2008 Don Pettit, akiwa kwenye kituo cha anga, alikunja karatasi ya plastiki akatengeneza kikombe chenye kona kali upande mmoja, na kahawa ikawa inapanda konani hadi mdomoni mwake, mahali ambapo kikombe cha kawaida hakiwezi kumimina chochote. Nasi tunaokaa chini ya mashamba ya kahawa ya Meru tuna haki ya kufurahia habari hiyo.

Lakini turudi ukutani, maana ndiko pesa zenu zinakoishia.

Tofali la saruji lililofyatuliwa kwa mchanga mweusi wa volkano limejaa vipenyo. Baadhi ya punje zenyewe zina matundu, maana ni majivu na vipande vya mlima vilivyopoa vikiwa na gesi ndani. Kati ya punje na punje kuna kona na mifuo isiyohesabika, na vyote vinalowana. Udongo wetu hapa unashika maji vizuri, jambo ambalo mkulima wa migomba analishukuru na mjenzi analilipia. Msingi ukikaa kwenye udongo huo bila kizuizi, tofali la kwanza linakunywa, linampa la pili, la pili linampa la tatu. Kwa nguvu ya kuvuta peke yake maji yangeweza kufika mbali. Yanasimama kiunoni kwa sababu ukuta unakauka: kila sentimita ya ukuta inapoteza maji kwa jua na upepo, na yanapofika mahali ambapo kinachokauka kimelingana na kinachopanda, hayaendi tena. Mkanda mweupe ndio unaotuonyesha mahali hapo.

Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona ukuta wenye unyevu ukipigwa plasta nzito ya saruji na rangi ya mafuta ili "kuuziba". Mmeziba mahali ulipokuwa unapumulia. Maji hayakuacha kuingia chini, yamekosa tu pa kutokea, basi yanapanda zaidi mpaka yapate ukuta ulio wazi. Mwenye nyumba ambaye mkanda wake ulikuwa magotini, sasa unamfika madirishani, na anadhani kuna paipu imepasuka.

Mafundi wazuri wanajua dawa, na wengi wako hapa. Chini ya sakafu wanapanga mawe makubwa kabla ya zege, na juu ya msingi, kabla ya kuanza kuta, wanatandaza nailoni nzito, ile wanayoiita DPC. Nailoni inaeleweka: haina vipenyo na hailowani. Mawe ndiyo watu huyadharau, wakisema mawe nayo yanapitisha maji. Kumwagika yanapitisha, kupanda hayapandishi. Upenyo kati ya jiwe na jiwe ni mpana wa sentimita nzima, na kwenye upana huo ukapilari haufui dafu mbele ya uzito. Maji yanafika chini ya mawe na kukwama hapo. Fundi anayejazia udongo katikati ya mawe hayo ili kuokoa kokoto amewajengea maji ngazi. Tafadhali msikubali.

Mkulima anaitumia kanuni hiyohiyo kwa jembe. Palizi ya juujuu inavunja ukoko wa udongo, na vijifereji vilivyokuwa vikileta unyevu hadi juani vinakatika. Matandazo ya majani ya migomba yanaupunguzia udongo jua na upepo.

Nimesema mkanda wa ukutani ni mweupe kwa chumvi. Maji yakipanda hayaji peke yake, yanabeba kila kilichoyeyuka ndani yake, na yakikauka yanaondoka yenyewe na kuacha mzigo. Ukutani mzigo huo unaharibu rangi. Kwenye ardhi ya kaskazini mwa Tanzania mzigo huo ni magadi.

Miamba ya Meru na ya volkano jirani ina sodiamu nyingi, na maji yanayopita ndani yake yanatoka na soda na floridi. Kwa kawaida kalsiamu huidaka floridi na kuituliza chini, lakini maji yetu yana kalsiamu kidogo, hivyo floridi inabaki majini. Katika mabonde yasiyo na njia ya kutokea, kama Ziwa Natron na maziwa ya Momella, inarundikana. Kiangazi kikiwa kikali, maji yaliyo chini ya udongo wa mabonde ya namna hiyo yanapanda kupitia vipenyo vya udongo kama yanavyopanda ukutani, yanakauka juu, na asubuhi ardhi ina ukoko mweupe. Watu wanaukwangua, wanauweka kwenye magunia, unafika sokoni Arusha, na kutoka hapo unaingia kwenye sufuria la makande au maharage ili yaive haraka.

Sokoni kuna magadi ya mabonge magumu, yanayong'aa kidogo yakivunjwa, na kuna haya ya unga, yaliyochanganyika na udongo. Watafiti waliopima magadi ya kaskazini wamekuta kwamba floridi inatofautiana mno kati ya aina na aina, na kwamba yale yaliyokwanguliwa juu ya ardhi ndiyo yenye hatari zaidi. Sababu iko kwenye njia yaliyopitia. Bonge lililojijenga ndani ya maji ya ziwa linaacha sehemu kubwa ya floridi kwenye maji yaliyolizunguka. Ukoko wa ardhini hauna maji ya kuachia: kila kilichopanda kimekaushwa palepale hadi tone la mwisho, floridi pamoja na vyote. Hilo linaeleza jambo ambalo liliwasumbua madaktari wa meno, kwamba watoto wa vijiji vyenye maji ya kunywa yenye floridi kidogo nao walikutwa na meno ya kahawia yenye vishimo. Chanzo kimoja kilikuwa sufuria. Meno yanaharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, kwa hiyo anayeumia ni mtoto mdogo, na doa analoingia nalo shule ya msingi anaondoka nalo hadi uzeeni. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo inaharibika.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa katika maeneo kama yetu maji mengine hayakuwepo, kabla ya kushusha kiwango hadi 1.5. Pale Ngurdoto, kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa iliyochomwa vizuri inabaki na vipenyo vidogo mno, maji yanaingia humo, na floridi inanaswa kwenye kuta zake. Na Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, kwa chujio lake la mchanga na nanoteknolojia. Kwa hiyo kusafisha tumeanza kukujua. Tatizo lililobaki kwenye kaya ni kujua: mama aliyeshika ndoo ya maji ya chemchemi, au bakuli la magadi, hana namna ya kuona floridi. Haina rangi, na kwa viwango hivyo haina ladha wala harufu.

Hapo ndipo vijifereji vilivyo wazi vinapoweza kutusaidia, na mfano tunao tayari kila zahanati.

Kipimo cha haraka cha malaria mmekiona wote. Muuguzi anakuchoma kidole, anaweka tone dogo la damu kwenye tundu, anadondosha dawa, kisha mnasubiri dakika 15 au 20 kulingana na aina ya kipimo. Ukiangalia kwa makini kwenye kidirisha utaona wekundu hafifu ukitambaa. Hakuna betri wala mota. Ndani kuna ukanda wa nitroselulosi, wenye vipenyo vingi mno vilivyo wazi, na damu na dawa vinavutwa humo kwa ukapilari ule ule wa ukutani. Njiani vinazoa kingamwili zilizobandikwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu. Mgonjwa akiwa na protini ya vijidudu vya malaria, chembe hizo zinakwama kwenye mstari mmoja, na dhahabu iliyogawanywa namna hiyo rangi yake ni nyekundu. Mstari wa pili unathibitisha kwamba kimiminika kimefika.

Na kwa nini muuguzi akwambie usubiri? Edward Washburn, Mmarekani, aliandika mwaka 1921 kanuni ambayo Mjerumani Richard Lucas alikuwa ameifikia mwaka 1918: kimiminika kinachovutwa kwenye njia nyembamba hupunguza mwendo kadiri kinavyokwenda, kwa sababu urefu wa kukokota unaongezeka na mvutaji ni yuleyule. Kikichukua dakika 1 kusafiri milimita 10, milimita 20 zitachukua dakika 4, na milimita 40 zitachukua dakika 16. Anayesoma kipimo mapema anasoma kabla mzigo haujafika. Anayekiacha mezani hadi jioni anaharibu kwa njia nyingine, maana ukanda umekauka, na kama ukutani, kukauka kunavuta na kurundika vitu mahali visipotakiwa, na mstari usio wa kweli unaweza kujitokeza.

Mwaka 2007 maabara ya George Whitesides, Chuo Kikuu cha Harvard, ilionyesha kwamba hata karatasi ya kawaida ya kuchujia inaweza kufanywa maabara ndogo. Unachora mipaka kwa kitu kisicholowana, na katikati ya mipaka hiyo inabaki njia ya karatasi inayopeleka maji unakotaka. Njia ikiwa wazi juu, kiputo cha hewa hakikwami ndani yake, na unaweza kuongeza dawa popote kwa kuidondosha. Gharama ni ya karatasi na nta.

Kwa floridi, kemia yenyewe ni ya zamani. Metali iitwayo zikoni ikiunganishwa na rangi iitwayo alizarini inatoa wekundu. Floridi ikija inainyang'anya zikoni hiyo, na wekundu unafifia kuelekea njano. Vijana wa Tengeru na wa sekondari zetu wanaweza kuikausha rangi hiyo kwenye ukanda wa karatasi wenye mipaka ya nta, wachovye ncha kwenye maji, wayaache yapande yenyewe, wasome.

Ugumu upo, na ni wa kwetu hasa. Rangi hiyo inahitaji asidi, na maji yetu yana soda, ambayo itaila asidi kabla floridi haijafika. Kwa hiyo asidi ya kutosha lazima ikaushwe mwanzoni mwa njia, maji yaipitie kwanza, gesi itoke bila kuupasua mkondo, jambo ambalo njia iliyo wazi inaliruhusu na mrija usingeliruhusu. Urefu wa kipande hicho cha asidi utategemea soda iliyomo, na maji ya Momella si sawa na maji ya bomba la Sekei. Ukanda uliotengenezwa ng'ambo kwa maji ya ng'ambo hautatufaa. Utapaswa kupangwa hapa, kwa chupa za maji kutoka chemchemi moja baada ya nyingine, na kwa magadi ya gunia moja baada ya jingine yaliyoyeyushwa, huku majibu yakilinganishwa na kipimo cha maabara. Wanafunzi watakaotaka kuianza kazi hiyo wabaki tukimaliza maswali. Vioo, nta na karatasi ya kuchujia ninavyo hapa, na ninyi leteni maji ya nyumbani kwenu.